Bakuli la maua: mbaazi, mahamri na nani hasa ndiye mteja

KAKA: Assalam aleikum wasikilizaji wetu, karibuni tena. Tumekaa hapa Lamu, darini kama kawaida, mkisikia punda yuwalia huko nyuma msishtuke, ndio honi zetu hizo. [kicheko] Mi nishakunywa chai. Dada sijui.

DADA: Waaleikum salaam. Nimekunywa, lakini kwa hasira. Nitasema baadaye.

KAKA: Haya, hasira tuiweke kwanza. Leo twaongea hoteli, na nikisema hoteli sisemi zile za Shela za wageni wenye taulo begani, nasema hoteli ya mabenchi mawili na meza moja ya plastiki, karai la mahamri mlangoni, sufuria ya mbaazi hapo kando, na mzee wa kikoi na fulana. Ya kwetu iko huku Langoni, kichochoroni, jina sitaji manake mwenyewe hapendi makuu.

DADA: Na ukitaja kesho utakosa pahali pa kukaa.

KAKA: Hilo nalo. Mi pale nna mwaka wa kumi na moja sasa. Nikitoka msikitini alfajiri miguu yaenda yenyewe, yaani hata sijafika, mzee akiniona tu kwenye kona huyo ashachukua sahani, mbaazi, mahamri mane, chai ya maziwa kwenye gilasi, sisemi kitu. Siku moja nilitaka kubadilisha wallahi, nilitaka viazi karai, nikaona haya kumwambia, nikala mbaazi.

DADA: [kicheko] Umeolewa wewe.

KAKA: Nna pahali pangu pia, pale ukutani mwisho wa benchi. Nikikuta mtu amekaa hapo nanywa chai nimesimama, sisemi, namuangalia tu. Na kile kichochoro wakijua, punda wa mchanga akipita sote twakunja magoti, hakuna anayeambiwa, mazungumzo hayakatiki, punda apita, magoti yarudi. Mgeni ndiye humjua hapo hapo, huyo huruka na gilasi yake.

DADA: Sasa ngoja kaka. Wewe wajiita mteja wa kila siku kwa sababu wakaa. Mi nikikuambia mimi ni mteja pale kukushinda wewe?

KAKA: Wewe? Sijawahi kukuona pale hata siku moja.

DADA: Ndio hapo sasa! Hujaniona lakini bakuli langu umeliona miaka yote hiyo. Lile la bati, la maua mekundu, limebanduka hapa ukingoni.

KAKA: Aaah! Lile huja na yule kijana wako?

DADA: Lile. Lilikuwa la mamangu, nae alikuwa akinituma mimi nalo, kabla ya huyu mzee, enzi za babake. Sasa namtuma mwanangu. Ni watu wangapi mji huu wala mbaazi za yule mzee kila asubuhi na hawajaingia pale hata mara moja? Karibu nyumba nzima nzima za wanawake. Si sheria, hakuna aliyeandika, lakini niende nikakae katikati ya nyie wanaume mnaopiga siasa masaa mawili kwa chai moja? Wajua mwenyewe.

KAKA: Masaa mawili umezidisha.

DADA: Mawili na nusu. Sasa sikiza, mi nilikuja kujua kuwa najulikana pale siku nilipobadilisha bakuli. Nilinunua lile la plastiki la kijani, lina kifuniko, nikaona mtoto hatamwaga njiani. Kijana akarudi na rojo. Rojo tupu kaka, mbaazi zahesabika, naweza kuzipa majina.

KAKA: [kicheko] Manake upawa haukuzama!

DADA: Haukuzama! Wape watu wajue hapo.

KAKA: Haya, kwa wale wa bara. Zile mbaazi hurowekwa jioni, zachemshwa mpaka zalainika, zaingia tui jepesi, kitunguu, pilipili, na kasimile, lile tui la kwanza zito, huja mwisho kabisa. Hapo lazima mtu akoroge tu bila kuacha, ukienda kujibu simu tui lakatika, waona mafuta yaelea macho macho juu. Sasa zikishatulia, mbaazi zenyewe zakaa chini na rojo lakaa juu. Mzee akichota juu juu, wewe ni mpita njia. Upawa ukizama mpaka ukagonga chini, ile ngo, wewe ni wa nyumbani. Mi ile ngo naisikia hata nikiwa naangalia simu.

DADA: Na bakuli la plastiki halikugongewa. Kesho yake nikamrudisha kijana na la maua, likarudi limejaa mpaka kwenye ukingo. Yaani mzee hanijui mimi wala sura yangu wala jina langu, yeye alijua bakuli.

KAKA: UNESCO walipouandika Mji Mkongwe wetu wa Lamu kwenye urithi wa dunia, 2001, waliandika nyumba za matumbawe na milango ya nakshi, sawa, lakini ule upawa waliusahau.

DADA: Walikuja saa nne, mbaazi zishakwisha.

KAKA: [kicheko] Lakini dada, kukaa kuna kitu chake. Pale ndipo nasikia nani amefiwa, jahazi gani limekwama, kusi ikianza kuvuma samaki watapanda bei lini. Siku nikikosa kwenda mzee hutuma mtu kuuliza kama naumwa. Bakuli haliulizwi hali.

DADA: Laulizwa! Utasikia mbele. Lakini kwanza, mwaka ule wa korona, 2020, si mwakumbuka hoteli zote ziliambiwa hakuna kukaa, chukua uende? Na kafyu hiyo mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nilichungulia dirishani nikawaona nyie wote mmepanga foleni kichochoroni, barakoa usoni, kila mtu na bakuli lake mkononi kama watoto waliotumwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

KAKA: Siku ile wacha tu. Mi nilibeba hotpoti ya mke wangu, ile ya harusi. Nikafika zamu yangu, mzee akaniangalia, akaangalia hotpoti, hakujua anichotee kiasi gani! Miaka yote yuwajua sahani yangu, hotpoti haijui. Akanipa kidogo.

DADA: Ndio ukajua.

KAKA: Ndio nikajua. Haya, hiyo hasira sasa. Chai ya hasira ni ya nini?

DADA: Kijana wangu leo yuwaumwa, hakuamka. Nikasema basi, nitajiendea mwenyewe. Nikavaa buibui, nikabu, nikachukua bakuli, nikasimama pale kando ya karai. Wewe ulikuwepo, ulikuwa wabishana mambo ya mpira.

KAKA: Ulikuwa wewe yule?

DADA: Mimi. Mzee akapokea bakuli, akaligeuza, akaangalia pale palipobanduka, akatabasamu. Upawa ngo, mpaka chini. Alafu akaniangalia mimi, aniambia, "Mwanangu, we ni mgeni pale? Mwenye bakuli hajambo?"

KAKA: [kicheko kirefu] Akadhani wewe ndiye uliyetumwa!

DADA: Nikamjibu hajambo ami. Ningesema nini? Alafu akatoa daftari. Wajua yeye haandiki majina, kila mtu na alama yake. Akafungua ukurasa, kichwani pamechorwa ua. Ua, kaka, na petali tano. Akaniambia, "Mwambie mwenye bakuli hili deni limekuwa kubwa kidogo, mahamri haya ya juu."

KAKA: Mahamri ya juu yapi? Si wampa mtoto pesa kamili?

DADA: Kila siku, mkononi, mbaazi na mahamri sita, na mahamri sita hufika nyumbani. Kumbe bwana mdogo kila asubuhi huyala mawili mengine hapo hapo amesimama, asema, "Andika kwenye ua."

KAKA: Ya rabbi. Na sisi wazee wa benchi twamuona!

DADA: Mwamuona na hamsemi!

KAKA: Mi nilijua ndio mpango wenu. Deni ngapi?

DADA: Mia sita na themanini. Mahamri ya kumi kumi.

KAKA: Sitini na manane! Ukalipa?

DADA: Nilimwambia nitamfikishia mwenye bakuli.

KAKA: [kicheko] Na kijana yuwaumwa na nini?

DADA: Tumbo.