Nipigie Pale Unapokwama

(Mhadhara kwa wapiga gitaa vijana, Tabora)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana mliokuja na magitaa mgongoni, hamjambo?

Mji uliotoa bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz hauhitaji mgeni wa kuufundisha kulipenda gitaa. Nimekuja kwa jambo dogo: ile nusu saa unayokaa peke yako chumbani na gitaa la klasiki, unaifanyia nini?

Kwenye bendi, solo, rithim na bezi ni watu watatu. Huku ni mtu mmoja, nyuzi za nailoni, kidole gumba na vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ndiyo maana kosa dogo halina pa kujificha.

Nilipokuwa najifunza, nilishika zoezi moja la Fernando Sor, mtunzi Mhispania aliyefariki Paris mwaka 1839: opus 35 (yaani kitabu chake cha 35), namba 22. Kila jioni naanza mwanzo, nafika katikati, nakwama, narudi mwanzo. Miezi minane! Siku ya harusi ya binamu yangu nikaombwa kupiga. Mwanzo ulikuwa mtamu mpaka shangazi zangu wakapiga vigelegele. Nikafika palepale, vidole vikasimama. Usiku ule sikulala, nikawa napiga hesabu: mwanzo nimeupiga sawasawa mara mamia, na pale pagumu nimepakosea mara mamia. Vidole havijui ulichokusudia. Vinashika ulichovifanyisha.

Kwa hiyo siku hizi naanzia kwenye jeraha. Nachukua noti ya mwisho kabla ya kukwama na noti ya kwanza baada yake, mbili tu. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, naiweka 40 kwa dakika. Tazameni mkono huu: kidole cha shahada kimelala juu ya nyuzi kadhaa. Sikilizeni uzi wa pili… unakoroma. Wengi hapa wangekamua kwa nguvu mpaka kiganja kiwaume. Mimi nakisogeza kidole karibu na chuma cha freti, nakigeuza kidogo kilalie ubavu. Sikilizeni tena. Umelia. Sasa naachia mkono wote, ulegee kabisa, halafu narudia. Zikitoka safi mara tano mfululizo, naongeza noti moja nyuma na moja mbele. Nikikosea ya nne, naanza kuhesabu upya. Inachosha, najua. Kesho yake napapiga kabla ya kitu kingine chochote, vidole vikiwa bado baridi, kwa sababu hapo ndipo utajua kama pamekaa.

Mkono wa kulia nao udai haki yake. Mauro Giuliani, mpiga gitaa Mwitaliano, alitoa mazoezi 120 ya mkono huo mwaka 1812, na kushoto hubadilishi karibu chochote, ili akili yote ihamie kulia. Piga mawili matatu kwa siku, yanatosha. Na dakika ishirini kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi.

Nisisahau: kiangazi chetu kikavu hupasua mbao. Gitaa likae kwenye boksi lake, na kitambaa chenye unyevu ndani ya kikopo kilichotobolewa, kisiguse mbao. Kucha zilainishe kwa msasa mwembamba, maana kucha yenye makovu hukwaruza sauti.

Haya, wewe uliyekaa karibu na dirisha, njoo na gitaa lako. Mwanzo uache, najua unaujua. Nipigie pale unapokwama.