Majirani wa Çatalhöyük: Walivyoshirikiana na Walivyogombana

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni wote mliofika, asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie ushirikiano na ugomvi katika vijiji vya wakulima wa kwanza. Vijiji hivyo ni vingi, na nikivipitia vyote tutakesha, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kimoja: Çatalhöyük, katika tambarare ya Konya nchini Uturuki. Watu waliishi pale tangu kama 7100 KK hadi karibu 5950 KK. Nyumba ilipochakaa waliibomoa nusu, wakaijaza kifusi, wakajenga nyingine juu yake, mpaka pakawa na kilima cha mita 21.

Hapakuwa na barabara wala vichochoro. Nyumba za matofali mabichi zilibanana ukuta kwa ukuta, na mtu alifika kwake kwa kukanyaga mapaa ya wenzake, kisha akashuka kwa ngazi kupitia tundu lililo juu ya jiko, palepale unapotokea moshi. Sisi tuliokulia nyumba za kupanga, familia kadhaa uani pamoja, tunajua jinsi jambo dogo linavyoweza kuwa kubwa kufikia jioni. Lakini sisi angalau tuna mlango wa kutokea nje. Idadi ya wakazi inabishaniwa. Makadirio yaliyozoeleka ni watu 3,500 hadi 8,000. Wapo wanaosema walikuwa wachache zaidi, na mimi naona wana hoja, kwa sababu si kila nyumba ilikaliwa wakati uleule.

Sasa naomba mnifuate hapa, maana ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Katika kilima hicho hatujaona jumba la mtawala wala ghala la umma. Ngano, shayiri na njegere zilihifadhiwa ndani ya kila nyumba, katika chumba cha pembeni ambacho jirani akisimama chumba kikubwa hakioni. Chakula kilikuwa cha nyumba. Kazi, kwa upande mwingine, zilikuwa za wengi. Kuchunga kondoo na mbuzi mbali na makazi na kumwinda fahali mwitu si kazi za familia moja. Fahali akiuawa nyama yake ni ya karamu, na pembe zake zilipachikwa ndani ya nyumba, ukutani au kwenye vibaraza vya kulalia. Nasoma pembe hizo kama kumbukumbu ya deni: nyumba hii iliwahi kuwalisha wengine.

Marehemu walizikwa chini ya sakafu, chini ya mahali walio hai walipolala. Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 131 waliozikwa katika nyumba 35. Katika matabaka ya zamani, waliozikwa pamoja mara nyingi ni ndugu wa damu, hasa kwa upande wa mama. Kadiri karne zinavyosogea undugu huo unapungua, na nyumba moja inawapokea marehemu ambao si wa damu yake. Kwangu hili ni jambo zito. Mtu wa kwenu akilala chini ya sakafu yangu, hatuwezi tena kuachana kirahisi.

Je, waliishi kwa amani? Hapana. Mwaka 2019 Clark Spencer Larsen, mtaalamu wa mifupa ya kale, na wenzake walitoa matokeo ya miaka mingi ya kuchunguza mifupa ya Çatalhöyük. Kati ya mafuvu 93, 25 yana alama za majeraha yaliyopona, na watu 12 kati ya hao waliumizwa zaidi ya mara moja. Mengi ni mabonyeo ya mviringo, juu au nyuma ya kichwa, yanayolingana na madonge ya udongo mgumu yaliyookotwa kwa wingi pale, ambayo huenda yalirushwa kwa kombeo. Majeraha yaliongezeka kipindi cha kati, makazi yalipokuwa yamejaa kuliko wakati wowote.

Rudini kwenye neno “yaliyopona”. Mwenye fuvu lililobonyea hawezi kwenda kuvuna wiki hiyo. Yupo aliyemletea chakula. Na aliyemrushia lile donge aliendelea kuishi hatua chache kutoka kwake, akipita juu ya paa lake. Ugomvi ulikuwepo, tena mkali, lakini kwa kiasi kikubwa ulikomea kwenye kuumizana.

Kuna atakayesema vita vililetwa na kilimo. Asiisahau Nataruk, kando ya Ziwa Turkana, Kenya. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yanaonyesha mabaki ya watu 27 wa jamii ya wawindaji, wa kama miaka 10,000 iliyopita, na mifupa ya baadhi yao ina dalili za kuuawa kikatili. Wapo wataalamu waliopinga tafsiri hiyo, lakini inatosha kutuzuia tusimtwike mkulima lawama zote.

Hata hivyo, wakulima nao waliua: tazameni Talheim, Ujerumani, kijiji cha kama 5000 KK. Mwaka 1983 liligunduliwa shimo lenye watu 34, karibu nusu yao watoto, wametupwa bila utaratibu wowote wa maziko. Wengi walipigwa kichwani kwa tezo za mawe, zana zilezile za kuchongea miti ya nyumba. Asparn, Austria, waliokutwa wameuawa ni zaidi ya 60, na wanawake vijana ni wachache mno, inaelekea walitekwa. Hawa nao walikuwa wakulima, tena wa nasaba iliyotoka Anatolia, eneo lilelile la Çatalhöyük.

Tofauti iko wapi? Naamini iko kwenye fundo linalowafunga wagomvi. Kule Konya aliyekukasirisha alikuwa mchunga mwenzako, mla karamu mwenzako, na pengine mzee wa kwenu amelala chini ya sakafu yake. Waliovamia Talheim huenda waliwafahamu waliowaua, lakini hatuoni dalili kwamba walishirikiana nao makaburi wala paa.

Fundo hilo lilikuwa na gharama, na haikulipwa sawa. Kati ya wale waliojeruhiwa wa Çatalhöyük ambao jinsia yao inajulikana, wanawake ni 13 na wanaume ni 10. Tofauti ni ndogo, sitaki kuijengea ghorofa. Lakini iwekeni kando ya vinasaba: nyumba zilifuata upande wa mama, binti alibaki kwao, na ugomvi wa akiba, wa ukuta, wa nani azikwe wapi, ulimkuta nyumbani. Swali hilo la wanawake ndilo ningependa tuanze nalo katika maswali.