Doa Jekundu Kwenye Picha ya Ubongo

Shikamooni wazee wangu, na karibuni nyote mliovumilia foleni ya Dar jioni hii.

Jioni hii nazungumzia picha za ubongo, na kwa nini zinaweza kutudanganya kuhusu lugha ya mgonjwa wa dimensia. Naanza na zile rangi. Ubongo wa kijivu, doa jekundu upande wa kushoto, kisha unaambiwa lugha ipo hapo. Doa lile halikupigwa picha. Mwaka 1990 mwanasayansi Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hutofautisha damu yenye oksijeni nyingi na yenye oksijeni kidogo. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu huifuata, na kilele chake huja sekunde 5 hivi baadaye. Tunapima damu, kisha hesabu ndiyo inayopaka rangi.

Sasa fikirieni mzee mwenye dimensia, yaani ugonjwa unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Pengine ana presha pia, na mishipa yake haipeleki damu kama ya kijana. Seli zikaitika, damu isiongezeke vya kutosha, picha ikaonyesha kimya. Kichwa nacho kikisogea milimita chache tu, vipimo vinavurugika.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Ipo aina ya dimensia inayofuta maana za maneno: mtu anasikia "kinu" na hajui tena ni kitu gani. Huanzia ncha ya mbele ya sehemu ya pembeni ya ubongo, nyuma ya panja. Hapo hapo, hewa iliyo kwenye matundu ya fuvu huvuruga sumaku ya mashine na mawimbi hupotea. Mashine huona vibaya zaidi pale ugonjwa ulipoanzia! Zipo njia za kupunguza kasoro hiyo, lakini lazima mtafiti azipange kabla mgonjwa hajalala mle ndani.

Halafu kuna zoezi lenyewe. Watafiti wa ubongo Cathy Price na Karl Friston walihimiza mwaka 1999 kwamba mgonjwa apewe kazi anayoiweza. La sivyo hujui kama sehemu ile imekufa au mtu hakuelewa swali. Jaribio maarufu la Boston la kutaja picha lina nyumba ya barafu. Mzee wa Rufiji aliyelelewa kwa Kindengereko, Kiswahili akakijua baadaye, aitaje kwa lugha ipi? Mwonyesheni mbuzi ya kukunia nazi, na kwanza muulizeni nyumbani kwao walizungumza nini.

Siikatai mashine. Picha ya umbo la ubongo inaonyesha vizuri ulivyosinyaa, na inafichua kiharusi au uvimbe. Ila picha za utendaji, zile zenye madoa ya rangi, zikirudiwa kwa mtu yule yule hutofautiana mno: uchambuzi wa Elliott na wenzake wa mwaka 2020 ulipata uthabiti wa takriban 0.4, pale ambapo 1 ndiyo kamili. Kwa kulinganisha makundi zinafaa. Kumwambia mwanawe kwamba lugha ya baba imekwisha, hapana.

Kwa hiyo wanafunzi wa Muhimbili mlio hapa, andikeni kila jibu la mgonjwa akiwa ndani ya mashine, sahihi na la makosa, na mlichapishe pamoja na picha.