Flashi ya Kubuti: Pima Mashine Kabla Hujafuta Diski

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Kaka Baraka, leo nimekuja na laptopu begani. Ni ya mama mdogo. Anauza vitenge, na hesabu zake zote zimo humu. Fundi amemwambia haipandi Windows 11, anunue nyingine.

BARAKA: Pole yake. Ni ya kizazi gani?

ZUHURA: Prosesa yake ni Intel i5, kizazi cha nne. RAM 8GB.

BARAKA: Kuhusu Windows 11 fundi kasema kweli. Kwa Intel, Microsoft wanataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama, TPM 2.0. Na Windows 10 waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ila hapo pa kununua nyingine sikubaliani naye hata kidogo, dada. Mashine ya RAM 8 bado ina nguvu. Kuna Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Inaomba RAM 2GB tu, ukiwa na 4 unafanya kazi kwa raha, na diski 20GB.

ZUHURA: Kwa hiyo nifute, nipige Mint?

BARAKA: Usifute kitu! Watu wengi wanaumia hapo. Tengeneza flashi ya kubuti, uwashe mashine kwa hiyo flashi, Mint ifanye kazi ikiwa humo humo kwenye flashi. Diski ya mama mdogo haiguswi. Ukiona kila kitu kinakubali, ndipo uzungumzie kuweka.

ZUHURA: Nilishajaribu, kaka. Nilipakua faili la ISO, yaani Mint nzima ikiwa faili moja, karibu 3GB, bando likaisha. Nikalinakili kwenye flashi. Nikawasha, haikuona chochote.

BARAKA: Kwa sababu uliliweka kama unavyoweka wimbo. Kompyuta ikiwashwa, bado haijui kufungua ISO. Inatafuta faili dogo la kuanzia, kwenye folda inayoitwa EFI. Faili hilo limo ndani ya ISO, limefungwa. Programu kama Rufus inalitoa na kulipanga mahali mashine inapotazama. Unachagua flashi, unachagua ISO, unabonyeza START. Lakini angalia mara mbili jina la flashi, maana chochote kilichomo kinafutika.

ZUHURA: Na pale Rufus inapouliza ipange flashi kwa mtindo wa GPT au MBR?

BARAKA: Jibu unalo kwenye mashine unayokwenda kuibuti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa BIOS Mode, yaani namna mashine inavyoanza kuwaka. Ikiandika UEFI, namna mpya, chagua GPT. Ikiandika Legacy, namna ya zamani, chagua MBR. Papo hapo soma System Type, uone kama ni x64, maana Mint za sasa haziingii kwenye mashine za biti 32.

ZUHURA: Flashi ya ukubwa gani?

BARAKA: 8GB inatosha, mradi iwe 8 ya kweli. Mimi niliwahi kununua moja barabarani, imeandikwa 64GB. Nikaandika ISO, Rufus ikamaliza vizuri, lakini kila nikibuti inakwama katikati na maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Siku mbili nalaumu laptopu ya watu. Nilipoipima kwa H2testw, inayojaza flashi kisha kusoma ilichoandika, nikakuta sehemu kubwa ni hewa. Tangu siku ile napima flashi kwanza. ISO nayo naihakiki kama imeshuka nzima: kwenye Command Prompt ya Windows naandika certutil -hashfile, jina la faili, SHA256, kisha nalinganisha na namba waliyoitoa Mint wenyewe. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

ZUHURA: Haya, flashi yako hii nimeichomeka. Nabonyeza nini?

BARAKA: Hiyo ni Dell, gonga F12 mfululizo mara tu unapowasha. Lenovo nyingi ni F12 pia, HP ni F9. Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyotambulika kuwaka, iache ilivyo, Mint inaikubali. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, usiguse mipangilio ya BIOS kabla hujaandika pembeni ufunguo wake wa tarakimu 48, maana inaweza kukudai.

ZUHURA: Flashi imetokea mara mbili. Moja ina neno UEFI mbele.

BARAKA: Chukua hiyo. Subiri… Eeh, dirisha hilo. Sasa Wi-Fi.

ZUHURA: Imeona mtandao wa studio. Sauti ipo. Kamera… ipo.

BARAKA: Punguza mwanga wa kioo. Funga kifuniko, ufungue. Wi-Fi naipima kwanza kwa sababu kuna kadi, hasa za Broadcom, zinazodai draiva ya pembeni, yaani programu ya kuziendesha.

ZUHURA: Imeamka vizuri. Kaka, hesabu zake ziko kwenye Excel.

BARAKA: LibreOffice, programu inayofungua faili za Excel, imo humo. Ingia kwenye diski yake, fungua faili, usihifadhi kitu.

ZUHURA: Limefunguka. Mauzo, madeni… jumla ya chini ni ile ile. Ila kitufe chake cha kuchapa risiti hakifanyi kitu.

BARAKA: Hiyo ni makro, maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili la Excel. Nyingine LibreOffice inazielewa, nyingine haizielewi, na kwa mama mdogo kitufe hicho ni kazi ya kila siku. Basi usiweke Mint leo. Mpelekee flashi, akae nayo wiki nzima dukani na printa yake, mimi nitamwandikia upya hiyo makro.

ZUHURA: Nampigia sasa hivi asinunue nyingine.