Jicho Lililopooza na Ateri Iliyovimba Ubongoni

Ndugu wasikilizaji, neva ya tatu ya kichwani huendesha misuli minne kati ya sita inayozungusha jicho, huinua kope ya juu, na hubeba nyuzi zinazoibana mboni. Ikipooza kabisa, kope huanguka, na mpimaji anapoiinua kwa kidole hulikuta jicho limeelekea nje na chini, kwa kuwa misuli miwili iliyobaki hulivuta bila mpinzani; hapo ndipo mgonjwa husema anaona vitu viwili viwili.

Ninaloliwekea mkazo leo ni mboni. Neva hii hupita kando ya ateri unganishi ya nyuma, mshipa wa damu ulio chini ya ubongo, na pale ateri hiyo inapochipuka kutoka kwenye karotidi ya ndani, mshipa mkubwa unaopandisha damu ubongoni kupitia shingoni, ukuta wa mshipa unaweza kudhoofika na kututumka kama puto, hali tunayoiita aneurisimu. Nyuzi za mboni zimekaa juujuu ya neva, kwa hiyo mgandamizo huziumiza mapema: mboni hutanuka na haisinyai hata ikimulikwa tochi. Kisukari na shinikizo la damu huweza kuipoozesha neva hiyohiyo kwa kuzinyima damu nyuzi zake za ndani, lakini nyuzi za juujuu kwa kawaida husalimika. Tofauti hii ni ya thamani kubwa, ila nawasihi wenzangu wasiitegemee peke yake, kwani siku za mwanzo mboni yaweza kuwa ya kawaida ilhali aneurisimu ipo, hasa ikiwa kupooza si kamili.

Mgonjwa wa namna hii, zaidi akiwa na maumivu ya kichwa au nyuma ya jicho, apigwe picha ya mishipa ya ubongo siku hiyohiyo, kwa CT au MRI. Asipewe miadi ya wiki ijayo. Aneurisimu iliyoanza kuikandamiza neva inaweza kupasuka wakati wowote, na damu ikimwagika kuzunguka ubongo wengi hufariki au hubaki na ulemavu.

Mwaka 1937, Walter Dandy, daktari mpasuaji wa ubongo wa Baltimore, Marekani, alimfungua mgonjwa mwenye kupooza huku na kuibana shingo ya aneurisimu kwa klipu ya fedha. Leo madaktari huibana kwa klipu, au huijaza koili, yaani nyaya laini zilizojiviringa, kwa kupitia ndani ya mshipa. Neva huchukua miezi kupona, na matumaini ni makubwa zaidi kwa aliyetibiwa mapema; wengine nyuzi zao huota upya zikapotea njia, kope ikawa inapanda kila mgonjwa anapotazama chini.