Samaki Anayehesabiwa kwa Pumzi

ZAINABU: Assalaam aleikum, karibuni tena kipindini. Tuko hapa Tanga mjini, mimi ni Zainabu.

MBWANA: Na mimi Mbwana. Leo tunakwenda mbali, hadi misitu ya Amazon kule Brazili. Ila mada ni samaki wa maji baridi, kwa hiyo nyinyi mnaokaa kando ya mto Zigi, kuanzia Amani mpaka huku chini, msitupite.

ZAINABU: Nataka nianze na samaki mmoja tu, kaka Mbwana, maana huyo peke yake anatosha kipindi kizima. Anaitwa pirarucu. Urefu anaweza kufika mita 3, uzito kilo 200. Na anavuta hewa.

MBWANA: Kama kamongo wa Ziwa Victoria.

ZAINABU: Hivyo hivyo. Matamvua hayamtoshi. Kibofu chake cha hewa ndicho kinachofanya kazi ya mapafu, kwa hiyo kila baada ya dakika chache, mara nyingi hata 20 hazifiki, lazima apande juu, avute pumzi, azame tena. Akizuiwa kupanda, anakufa maji.

MBWANA: Samaki anakufa maji! Subhanallah.

ZAINABU: Sasa wavuvi wa kule, wenyeji wa asili na wanavijiji wengine wa kando ya mito, wamemvizia kwa chusa vizazi na vizazi. Mtu anakaa mtumbwini, kimya, chusa mkononi, anangoja. Samaki anatokea mara moja, kufumba na kufumbua keshazama. Hapo mvuvi anapaswa kujua ametokea wapi, ameelekea wapi, na atapandia wapi mara ijayo. Mzoefu anatazama maji yalivyofumka, anasikiliza mshindo wa pumzi, anakwambia: huyu mkubwa, yule bado kijana. Na anakwambia kama huyu ni yule yule wa mwanzo au ni mwingine.

MBWANA: Hapo ndipo wataalamu wengi wangesema hizo ni hadithi za wazee.

ZAINABU: Na kwa muda mrefu hakuna aliyewauliza. Pirarucu alikuwa anakwisha. Mwaka 1996 ikapigwa marufuku kumvua katika jimbo la Amazonas. Kwenye hifadhi ya Mamirauá, humo humo jimboni, kuanzia mwaka 1999 wataalamu wakafanya jambo ninaloliheshimu sana: waliwaomba wavuvi wahesabu. Mvuvi anapewa eneo lake ziwani, anahesabu kwa dakika 20 kila anayepanda kuvuta pumzi, kuanzia urefu wa mita 1. Wenye mita 1 na nusu na zaidi wanaandikwa mbali, wadogo mbali. Halafu wanahamia eneo jingine.

MBWANA: Ngoja, da Zainabu. Mimi mvuvi, najua nikihesabu wengi nitaruhusiwa kuvua wengi. Si nitaongeza?

ZAINABU: Swali la haki kabisa, na lilifanyiwa kazi. Mtafiti Leandro Castello alilinganisha hesabu za wavuvi na hesabu zilizopatikana kwa samaki kuvuliwa na kuhesabiwa mmoja mmoja. Zikakaribiana sana. Alichapisha njia hiyo mwaka 2004. Serikali ikaikubali: kwa kawaida wanaruhusiwa kuvua mpaka asilimia 30 ya wakubwa waliohesabiwa, wadogo hawaguswi, na msimu wa kuzaa hakuna kuvua. Na hata ukidanganya mwaka huu, ziwa ni lako wewe na wanao. Utakula nini mwakani?

MBWANA: Matokeo?

ZAINABU: Samaki waliongezeka mara kadhaa kwa muda usiofika miaka 10. Leo Wapaumari, wenyeji wa asili wa bonde la mto Purus huko huko Amazon, wanahesabu, wanalinda maziwa yao usiku na mchana, na wanauza kihalali.

MBWANA: Kwa hiyo jicho la mvuvi likageuka kipimo cha serikali. Mimi kwa kweli limenigusa hilo. Hapa kwetu mvuvi anaitwa mkutanoni kuelimishwa tu. Ni nadra kuitwa aelimishe.

ZAINABU: Na anayoyajua hayaishii kwenye samaki. Kule mto ukijaa, maji yanapanda mita 10 au zaidi sehemu nyingine, yanaingia msituni, na samaki nao wanaingia wanaogelea kati ya miti. Kuna mmoja anaitwa tambaqui, ana meno mapana kama magego ya mtu. Anavunja mbegu za mti wa mpira.

MBWANA: Samaki anakula mbegu za mti!

ZAINABU: Na matunda. Kwa hiyo mvuvi lazima aujue mti: unadondosha lini, unadondosha wapi. Wana ufito wenye kamba, mwisho wa kamba kuna kitu kizito cha mviringo. Anakipiga majini, pwa!, kinalia kama tunda limeanguka. Tambaqui anakuja mbio, anakuta ndoana.

MBWANA: Ufundi huo, loo!

ZAINABU: Na mbegu nyingine hazivunjiki, zinapita tumboni salama zinaota mbali. Samaki anaotesha msitu.

MBWANA: Hapo nami nina la kusema. Kwenye mto Uaupés, huko huko Amazon, mwanaanthropolojia Janet Chernela aliandika miaka ya 1980 kuhusu jamii za Watukano. Mto wenyewe ni wa maji meusi, hayana rutuba, samaki anategemea kinachodondoka kutoka juu. Basi wale watu wamekataza kufyeka miti ya ukingoni. Wanalima muhogo kwingine. Ukingo ni wa samaki.

ZAINABU: Na sisi sheria tunayo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004: shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni haziruhusiwi.

MBWANA: Ipo, lakini pita kandokando ya mito yetu uone mahindi yanavyogusa maji. Tofauti ni kwamba kule katazo limetoka kwa watu wanaokula samaki wenyewe. Huku watu wengi wamesikia mita 60 bila kuambiwa samaki ananufaika nini.

ZAINABU: Kuna msikilizaji atauliza kuhusu utupa, ule mmea wa sumu ya kuvulia samaki.

MBWANA: Lazima. Kule wana mimea yao wanaiita timbó, wanaiponda wanaiosha kijitoni, mara nyingi wakati wa kiangazi na kwa kazi ya pamoja. Sumu yake ni rotenoni, ile ile iliyomo kwenye utupa wetu. Samaki hewa ya oksijeni anayo, lakini mwili unashindwa kuitumia, basi anaelea juu. Hapa kwetu Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, na mimi naiunga mkono, maana haichagui: kifaranga na mzazi wote wanaondoka.

ZAINABU: Sawa. Sasa nikuulize wewe. Zigi tungehesabu nini? Kambare naye anapanda kuvuta hewa, lakini maji ya tope huoni kitu.

MBWANA: Nimeliwaza hilo. Mimi ningeanza na perege. Dume anachimba kiota chini, kwenye maji machache, kishimo cha duara kabisa. Jike anataga humo, kisha anayabeba mayai mdomoni. Maji yakitulia, vile vishimo mtu anaviona akiwa amesimama ukingoni.

ZAINABU: Kwa hiyo unahesabu viota.

MBWANA: Viota, mahali pale pale, mwezi ule ule, kila mwaka. Wavuvi wenyewe wanajua ni mwezi gani.

ZAINABU: Basi mnaovua Zigi, Umba na Pangani, tutumieni ujumbe wa sauti: perege wanachimba lini kwenu, na sehemu gani ya mto? Tutazisikiliza zote kipindi kijacho.