Masta ya Kompyuta: Anzia kwenye Tangazo la Kazi

ZUHURA: Sauti inaingia? Haya. Leo hatuna mgeni, ila tuna ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji wetu wa Mwanza. Ana digrii ya kompyuta, ana miaka minne kwenye kitengo cha tehama cha kampuni moja, na kutwa anabadilisha wino wa printa na kuwarudishia watu nywila walizosahau. Anauliza, asome masta wapi ili atoke hapo?

BARAKA: Ameuliza wapi kabla hajasema anataka kazi gani.

ZUHURA: Usimgombeze bado, kaka.

BARAKA: Simgombezi, hata mimi nilianza hivyohivyo. Nilikuwa na orodha ya vyuo ishirini, tangazo la kazi sina hata moja. Siku hizi wadogo zangu nawaambia, kusanya matangazo kumi ya kazi unayoitaka kweli, yasome kama unavyosoma mkataba wa nyumba, pigia mstari kila usichokijua. Ukikuta yote yanataka mtu aliyejenga mifumo, anayeijua kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta, na masta haijatajwa popote...

ZUHURA: Basi ada ikae benki.

BARAKA: Ikae kwanza. Ila zipo kazi ambazo mlango wake ni cheti chenyewe. Kufundisha chuo kikuu, kwa mfano. Mkufunzi msaidizi hapandi kuwa mhadhiri msaidizi bila masta, awe hodari namna gani. Utafiti wa akili mnemba, hiyo AI, nao ni hivyo, digrii ya kwanza peke yake haikufikishi mbali.

ZUHURA: Mimi nataka tukae kwenye jina la kozi, maana hapo ndipo nilipotaka kuzama. Mwaka ule naomba vyuo vya Uingereza, nikaona MSc Computer Science, nikasema ndiyo yangu hii. Barua ya maombi nimeshaandika. Usiku nasoma masharti, kumbe wanamtaka mtu ambaye digrii yake ya kwanza si ya kompyuta!

BARAKA: Ya kugeuza fani.

ZUHURA: Hiyo! Chuo kikuu cha UCL pale London ni mfano. MSc Computer Science yao ni ya mwanasheria, mwalimu wa fizikia, mtu wa historia, anafundishwa kuandika programu tangu sifuri ndani ya mwaka mmoja. Sasa mimi niliyekesha na algorithimu, zile hatua za kompyuta kutatua tatizo, miaka yote ile, nilipe mamilioni nikafundishwe upya lupu, amri ya kurudiarudia ya somo la kwanza? Mwenye digrii ya kompyuta anatafuta Advanced Computer Science, kama Chuo Kikuu cha Manchester wanavyoiita, au kozi ya eneo moja mahsusi. Neno moja tu hilo, Advanced, na wengi hawalioni kwa sababu wanaangalia picha za majengo.

BARAKA: Ila kwa mhasibu anayetaka kuhama, hiyo ni neema. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wana masta inayoitwa MCIT, imewekwa makusudi kwa asiye na msingi wa kompyuta, na tangu 2019 inasomwa mtandaoni pia.

ZUHURA: Tuje kwenye pesa. Huyu wa Mwanza ana mshahara na ana wanaomtegemea.

BARAKA: Basi asiache kazi. Georgia Tech, chuo cha Atlanta, Marekani, walianza masta ya kompyuta ya mtandaoni Januari 2014. Masomo kumi, digrii nzima haifiki dola 10,000, na cheti hakisemi kwamba umesomea mtandaoni. Unasoma usiku, mchana uko kazini. Lakini asidanganywe na bei, lile somo la algorithimu limewatoa watu jasho. Na haimpi viza. Mwenye ndoto ya kuhamia Marekani atafute njia nyingine.

ZUHURA: Ujerumani je? Kila mtu anasema ni bure.

BARAKA: Vyuo vingi vya umma havitozi ada, kweli. Ila jimbo la Baden-Württemberg linamtoza asiye raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Munich, nayo ilianza kuwatoza wageni 2024. Halafu ubalozi unataka kuona euro 11,904 za kukutunza mwaka mmoja, ziko kwenye akaunti ambayo kila mwezi inakutolea kidogo tu.

ZUHURA: Bure ya shilingi milioni thelathini na ushee.

BARAKA: Ni pesa yako, utaila mwenyewe. Lakini lazima uwe nayo kwanza.

ZUHURA: Mimi ningemwambia atazame Kigali kabla ya kote huko. Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, wako pale tangu 2011, shahada ni ya Carnegie Mellon yenyewe, na ufadhili wa Mastercard Foundation umewabeba vijana wengi wa Afrika. Kutoka Mwanza ni safari ya basi kupitia Rusumo!

BARAKA: Na popote atakapoomba, aulize wahitimu wa mwaka jana wako wapi leo. Asimuulize ofisa wa udahili, awatafute wenyewe LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi. Mimi niliandikia saba, wakanijibu watatu, na mmoja akaniokoa.

ZUHURA: Alikwambia nini?

BARAKA: Kwamba nusu ya masomo ni menejimenti. Chuo sikitaji.

ZUHURA: Usikitaje. Mdogo wetu wa Mwanza, tutumie picha ya tangazo moja la kazi unayoitaka, wiki ijayo tutalichambua hapa. Na nakala ya matokeo yako uiombe chuoni leo, kabla hujachagua chochote. Mimi yangu ilichukua wiki saba.

BARAKA: Wiki saba za nini?

ZUHURA: Walisema printa imeisha wino.